Kwa Nini Baba Amefanywa Mdogo? Sanamu za Ron Mueck na Suala la Ukubwa katika Uhalisia

Utangulizi

Katika uhakiki wetu hakuna sifa inayotolewa kwa urahisi kama hii: "mwandishi ameisawiri jamii kama ilivyo." Tunaiandika katika insha, tunaisema katika semina, na mara nyingi tunapewa alama zetu tukaenda zetu. Lakini hebu tujiulize: kuisawiri jamii kama ilivyo ni kufanya nini hasa? Ni kunakili? Na kama ni kunakili, msanii bora si yule mwenye kamera nzuri kuliko wenzake?

Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kupita njia ya pembeni kidogo. Badala ya riwaya au tamthilia, tutaangalia sanamu za binadamu za mtindo unaoweza kuitwa uhalisia uliopindukia, na hasa kazi za Ron Mueck, Mwaustralia aliyefanya kazi zake nyingi Uingereza. Msomaji anaweza kusema, sisi ni watu wa fasihi, sanamu zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu moja. Mueck amefika karibu kabisa na mwisho wa barabara ya kunakili, hata vinyweleo na mishipa ya damu vinaonekana, halafu hapo hapo akafanya jambo moja ambalo katika uhalisia wa kawaida ni mwiko: amebadili ukubwa. Binadamu wake ama ni wakubwa mno ama ni wadogo mno. Hakuna anayelingana na wewe uliyesimama mbele yake. Sasa, mtu aliyehangaika kiasi hicho kupata ukweli wa ngozi, kwa nini aseme uongo kuhusu kimo?

Uhalisia uliopindukia ni nini?

Mtindo huu ulipata nguvu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Jina linalotajwa kwanza ni la Duane Hanson (1925–1996). Hanson alikuwa akichukua watu walio hai, anawapaka vitu vya kutolea kalibu mwilini, kisha katika kalibu ile anatoa sanamu ya faibaglasi. Akimaliza anaipaka rangi ya ngozi, anaivisha nguo za kweli, anaipa na vitu vya kweli mkononi. Mwaka 1970 alifanya sanamu iitwayo Tourists: mume na mke watalii, wazee kiasi, mume kavaa kaptura na shati la maua, kamera zinaning'inia, wote wawili wanaangalia juu kama wanaoonyeshwa mnara. Mwaka huo huo alifanya mama mnene anayesukuma kitoroli cha dukani kilichojaa vyakula vya pakiti.

Sanamu za Hanson zina ukubwa ule ule wa mtu. Ndiyo nguvu yake. Mtu anaingia katika jumba la sanaa, anampisha njia mama mwenye kitoroli, kumbe ni sanamu. Hapo anashtuka, anacheka, halafu (na hapa ndipo Hanson anapomkamata) anaona haya kidogo, kwa sababu amegundua kwamba watu wa namna ile huwapita kila siku bila kuwaangalia. Hanson aliwachagua wafanya usafi, vibarua, watu waliochoka. Hakuwa mtu wa mzaha tu, na mhakiki asimdharau.

Hata hivyo njia yake ina tatizo. Sanamu yenye ukubwa wa mtu inaishi kwa kudanganya, na udanganyifu ukishagunduliwa umekwisha. Ukirudi mara ya pili hushtuki tena. Unabaki na maswali ya fundi: hii ameifanyaje? Wasomaji wa fasihi wanalijua tatizo hili. Kuna riwaya ambazo kila kitu ndani yake ni sahihi, bei ya unga ni sahihi, jina la mtaa ni sahihi, matusi ya utingo ni sahihi, na bado ukiifunika hujaona kitu ambacho hukuwa ukikiona dirishani.

Ron Mueck na kazi yake

Mueck alizaliwa Melbourne mwaka 1958. Wazazi wake, wenye asili ya Kijerumani, walikuwa watengenezaji wa vinyago vya kuchezea watoto, kwa hiyo mikono yake ilizoea kazi mapema. Kabla ya kuitwa msanii alifanya kazi ya vikaragosi katika vipindi vya televisheni vya watoto na katika filamu, ikiwamo Labyrinth ya mwaka 1986, kisha akawa fundi wa kutengeneza vielelezo vya matangazo ya biashara huko London. Katika kazi za namna hiyo kitu hutengenezwa kipendeze upande ule tu unaoelekea kamera. Nyuma ni mbao na gundi, basi.

Mwaka 1996 mama mkwe wake, mchoraji Paula Rego, mzaliwa wa Ureno, alimwomba amtengenezee sanamu ndogo ya Pinocchio, yule mtoto wa mbao wa hadithi za Kitaliano. Sanamu hiyo ilimvutia mkusanyaji sanaa Charles Saatchi, na mwaka 1997 kazi ya Mueck ikaonyeshwa katika maonyesho ya Sensation kwenye Royal Academy, London. Kuanzia hapo matangazo ya biashara yakaachwa.

Tofauti ya kwanza kati yake na Hanson ni kwamba Mueck hatoi kalibu katika mwili wa mtu. Anafinyanga. Huanza na vielelezo vidogo vya kujaribia mkao na ukubwa, kisha hufinyanga sanamu yenyewe kwa udongo mpaka kila kunyanzi kiwepo. Ndipo hutoa kalibu ya udongo ule, na ndani ya kalibu huweka faibaglasi au silikoni iliyotiwa rangi tabaka kwa tabaka, ili wekundu wa damu uonekane kama unatoka ndani ya ngozi. Nywele hupandikizwa, unywele mmoja baada ya mwingine. Katika silikoni, ambayo ni laini, unywele hudungwa kama sindano. Katika faibaglasi, ambayo ni ngumu, lazima kwanza kitobolewe kitundu. Si mchezo.

Jambo hili si la ufundi tu. Anayetoa kalibu mwilini hupokea ukubwa alioukuta. Anayefinyanga hana budi kuuchagua. Hata angetaka kumfanya mtu wa kimo cha kawaida, bado angekuwa amechagua. Hapo ndipo tunapoona kwamba ukubwa si kitu kinachokuja chenyewe katika uhalisia. Ni uamuzi, sawasawa na mwandishi anavyoamua kwamba safari ya miaka kumi itachukua sentensi moja na kikombe kimoja cha chai kitachukua kurasa tatu.

Maiti ya baba

Tuchukue ile kazi iliyoonyeshwa mwaka 1997. Inaitwa Dead Dad, yaani baba aliyekufa, na Mueck aliifanya mwaka 1996 na 1997 baada ya baba yake kufariki. Ni maiti ya mwanamume wa makamo, uchi, amelala chali chini, mikono ubavuni, viganja vimeelekea juu. Miguu ina weupe wa mauti. Nywele zilizopandikizwa ni za Mueck mwenyewe. Urefu wa sanamu nzima ni sentimita 102.

Tupige hesabu kidogo. Tukikisia mtu wa kimo cha sentimita 170, sanamu hii ina urefu wa 3/5 ya mtu. Mtu atasema, mbona si ndogo sana? Lakini mwili hauna urefu peke yake. Una upana na kina. Ukipunguza vyote vitatu kwa kiasi hicho, kinachobaki ni 27/125, karibu moja ya tano ya mwili. Jicho halipigi hesabu, lakini linaona. Linaona mtu mzima, mwenye kila alama ya utu uzima, ambaye sehemu nne kati ya tano zake zimekwenda.

Na hivyo ndivyo msiba ulivyo. Aliyewahi kumwosha marehemu aliyemlea anaelewa bila kuelezwa: yule aliyekuwa anajaza mlango sasa anabebwa. Kama Mueck angemfanya baba kwa kimo chake, tungeona maiti. Kwa kumpunguza, tunaona maiti pamoja na jicho la mtoto wake anayeiangalia. Uongo wa kimo ndio uliobeba ukweli wa hisia.

Aristotle aliona mambo mawili yanayotusaidia hapa, yote katika Ushairi wake. Kwanza alisema kwamba vitu ambavyo hutuumiza tukiviona vyenyewe, kama vile maiti, hutupa raha fulani vikiigwa kwa usahihi, maana tunajifunza. Pili alisema uzuri unategemea ukubwa: kiumbe kidogo kupita kiasi hakionekani sawasawa, na kiumbe kirefu kupita upeo wa macho hakiwezi kushikwa chote kwa mara moja. Aristotle aliutumia ukubwa kutafuta kadiri inayofaa katika msuko wa tanzia. Mueck ameichukua kadiri hiyo na kuivunja makusudi, mara huku mara kule, ili tujue kwamba ilikuwapo.

Jitu, kijitu na kibaba

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda London kulielewa jambo hili. Sarufi yetu yenyewe inalo. Tunasema mtu, jitu, kijitu. Nyumba, jumba, kijumba. Nyoka, joka, kijoka. Wanaisimu wanaziita hali hizi ukubwa na udogo, lakini kila mzungumzaji anajua kwamba hapa hatupimi kwa rula. Jitu ni mtu mkubwa, na pia ni mtu wa kutisha au asiye na adabu. Kijitu ni mtu mdogo, na pia ni mtu wa kudharauliwa. Kizee inaweza kuwa dharau na inaweza kuwa huruma, inategemea sauti. Watu wa bara wakisema "katoto haka", mara wanakabembeleza, mara wamekachoka. Kwa maneno mengine, katika Kiswahili huwezi kubadili ukubwa wa kitu bila kubadili msimamo wako juu yake.

Tukiwa na ufunguo huu, sanamu za Mueck zinafunguka. Mwaka 2005 alifanya Two Women, vizee viwili vyenye kimo cha kama sentimita 85, vimevaa makoti, vimebanana bega kwa bega, vinamtazama mtu fulani kwa jicho la pembeni. Udogo wao unatufanya tuwahurumie. Lakini ukiinama kuwaangalia usoni unakuta wanateta, na huenda wanakuteta wewe. Huruma inageuka aibu.

Mwaka 2009 alifanya Youth, kijana mweusi mwenye jinzi, peku, kimo sentimita 65. Ameinua fulana yake na anaangalia jeraha la kisu ubavuni mwake. Haonekani kulia, anaonekana kushangaa. Wengi wamekumbushwa picha za Yesu akionyesha ubavu wake, ila hapa hakuna mfuasi wa kutia kidole. Anayeangalia jeraha ni mwenye jeraha. Kichwa cha habari gazetini kingemfanya mkubwa, tishio la mtaa. Kwa Mueck anafika usawa wa goti au paja la mtazamaji, kiasi kwamba ukitaka kuuona uso wake lazima uchuchumae. Na neno letu lenyewe, kijana, limebeba ki- ile ambayo tumeizoea hata hatuisikii tena.

Vipi kuhusu baba? Hapa lugha inagoma. Jibaba tunalisikia kwenye mizaha ya vijiweni. Lakini ukisema kibaba, msikilizaji atafikiri unapima mchele. Baba anaweza kukuzwa, kupunguzwa hapunguziki. Pengine ndiyo maana sanamu ile ya sentimita 102 inatuuma hivyo: imemfanyia mzazi kitendo ambacho lugha yetu haikukiachia nafasi.

Jitu lenye hofu

Kukuza nako kuna mambo yake. Tumezoea kwamba anayekuzwa ni mwenye nguvu. Mafarao walichongwa wakubwa, na viongozi wa karne ya 20 walisimamishwa viwanjani wakiwa na kimo cha ghorofa. Katika hadithi zetu zimwi ni kubwa kwa sababu linakula watu.

Majitu ya Mueck hayali mtu. Boy (1999) ni mvulana aliyechuchumaa, na katika kuchuchumaa huko ana kimo cha karibu mita 5. Alionyeshwa katika Millennium Dome, London, mwaka 2000, kisha Venice mwaka 2001, na sasa yuko katika makumbusho ya ARoS huko Aarhus, Denmark. Amejikunyata, mikono kichwani, anachungulia kama aliyejificha asiitwe. Big Man (2000) ni mwanamume mnene, kipara, uchi, amekaa chini na bado anapita mita 2. Amenuna kama mtoto aliyenyimwa. Wild Man (2005) ana karibu mita 3, ndevu zimemtimka, ameketi kwenye stuli ameishikilia kwa nguvu. Anaogopa nini? Anatuogopa sisi, tunaomfika magotini.

Hiki ndicho tunachokiita kinaya. Umbo linasema jambo moja na uso unasema kinyume chake, na maana inazaliwa katika mgongano huo. Utenzi wa Fumo Liyongo unalijua jambo hili. Shujaa yule mrefu kuliko watu wote, akiisha kuchomwa kitovuni na mwanawe, alikwenda akapiga goti penye kisima, upinde mkononi, akafia hapo hapo. Watu hawakuthubutu kusogea kuteka maji, maana walidhani yu hai. Tazama: mji mzima unauogopa mwili ambao hauna tena nguvu. Msikilizaji anaona wakati huo huo ukubwa wa mtu na udhaifu wake, na hilo ndilo linalomliza.

Mfano mwingine ni A Girl (2006), mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa dakika ile, bado ana damu na kitovu, jicho moja halijafunguka vizuri. Ana urefu wa mita 5. Kichanga cha kawaida kina kama nusu mita, kwa hiyo urefu umezidishwa mara 10 na ujazo mara 1,000. Je, huu ni uongo? Muulizeni mama aliyetoka leba kama siku ile mtoto alikuwa kitu kidogo.

Ngozi iliyo karibu mno

Jonathan Swift aliyaona haya mwaka 1726. Katika Safari za Gulliver msafiri anafika kwanza kwa watu wadogo kwake mara 12, kisha kwa watu wakubwa kwake mara 12. Kwa majitu anaona ngozi ya mnyonyeshaji na kinyaa kinamshika: mabaka, vitundu, nywele. Hapo anatambua kwamba ngozi za wanawake wa kwao humpendeza kwa sababu tu wana ukubwa sawa na yeye, na kasoro zao hazionekani.

Mueck anatuweka katika nafasi hiyo hiyo. Anatusogeza mpaka tuone kile ambacho adabu na umbali hutuficha. Tofauti ni kwamba Gulliver anachukizwa, na sisi mbele ya Mueck, mara nyingi, tunapata upole. Pregnant Woman (2002), mja mzito mwenye kimo cha sentimita 252, amefumba macho, mikono ameibebesha kichwani, amechoka. Ukimwona ngozi ya tumbo ilivyotanuka huoni kinyaa. Unaona kazi.

Pingamizi

Wapo wanaosema huu ni ufundi tu wa filamu uliohamia katika jumba la sanaa, na kwamba kitu chochote ukikikuza mara 10 watu watapiga foleni. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kukuza peke yake ni hila ya bei rahisi, kama mwandishi anayeandika kila kitu kwa herufi kubwa. Lakini hila haimlazimu mtu kuamua safari hii mkubwa na safari ile mdogo, na kila mara kwa sababu inayotokana na mhusika mwenyewe. Baba hakukuzwa. Kichanga hakikupunguzwa. Wakibadilishana vipimo, kazi zote mbili zinaharibika. Hicho ndicho kipimo cha kujua kama fani imeshikana na maudhui au imebandikwa tu.

Tena Mueck mwenyewe haifichi hila yake. Mask II (2001–2002) ni uso wake mkubwa umelala, shavu limebonyea, mdomo wazi, unaweza kuapa unakoroma. Ukizunguka nyuma unakuta shimo tupu. Hakuna kichwa. Anakuonyesha kwamba ulikuwa unaonea huruma ganda, na bado ukirudi mbele unaogopa kumwamsha. Fasihi nayo ni hivyo: tunajua mhusika ni wino, na tunalia.

Hitimisho

Turudi kwenye sentensi yetu, "ameisawiri jamii kama ilivyo." Kama hoja za makala haya zina uzito, sentensi hiyo haijaanza uhakiki, imeuahirisha. Hakuna msanii anayesawiri kitu bila kipimo, na aliye na kipimo sawa na maisha naye amechagua. Kwa hiyo mhakiki auache mwishoni ule mjadala wa kufanana, aanze na maswali haya: ni nani amekuzwa katika kazi hii, na ni nani amepunguzwa? Mhusika aliyepewa sura tatu na yule aliyetajwa mara moja akileta chai, nani kaamua hivyo? Ukubwa huo unakubaliana na hali ya mhusika au unapingana nayo? Na mimi msomaji nimewekwa wapi, nimeinamishwa au nimeinuliwa shingo?

Riwaya nyingi tunazozisoma zina watumishi wa nyumbani, makuli na vikongwe waliopita kwa mstari mmoja. Tumezoea kuwaita wahusika wadogo na kuendelea na insha. Ingefaa safari moja mmoja wetu achuchumae awaangalie usoni, atuambie ameona nini. Ukurasa wa toleo lijalo uko wazi.